Nilifuta Maandishi ya Marehemu

Ninyi nyote niliowapelekea zawadi ya picha za treni za Kimarekani, mlioko Tabora, Dar es Salaam na Mombasa, nina jambo la kuwaambia, na nawaomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kunihukumu. Picha zile zilitoka kwenye majarida ya zamani niliyopewa na mjane mmoja wa Chicago. Alinipa kwa hiari yake, nikapokea kwa mikono miwili. Lakini juu ya karatasi zile palikuwa na maandishi ya marehemu mume wake, ambayo hakuna aliyeniruhusu kuyagusa, nami niliyaondoa kwa kisu na kwa raba. Baadaye nilipoulizwa yako wapi, nikasema uongo. Ni hayo mawili ninayoyaungama, na sina wa kumsingizia.

Nieleze kwanza mapenzi yenyewe, maana kosa lilizaliwa humo humo. Baba yangu alikuwa gadi wa treni. Nimekulia Tabora, pale reli inayotoka Dar es Salaam inapogawanyika, tawi moja likashika njia ya Kigoma na jingine ya Mwanza. Nyumbani hatukuhitaji saa ya ukutani, honi ilitosha. Nilipohamia Chicago miaka ya tisini nilikuta mji uliojengwa na reli kuliko mji wowote nilioujua. Enzi za treni za abiria ulikuwa na stesheni kuu sita za safari za masafa, na kwa miaka mingi abiria wa kutoka New York kwenda Los Angeles ilimbidi ashuke hapo, avuke mji na mizigo yake, kisha apande treni ya kampuni nyingine kwenye stesheni nyingine. Kero hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwaka 1946 Robert R. Young, bwana mkubwa wa reli ya Chesapeake and Ohio, alilipia tangazo lililosema wazi kwamba nguruwe aliyepakiwa kwenye behewa la mifugo huvuka nchi nzima bila kubadili treni, na binadamu hawezi.

Mimi nilifika mambo yote hayo yamekwisha. Twentieth Century Limited, treni ya fahari ya New York na Chicago iliyoanza mwaka 1902, ilisimama Desemba 1967. Kampuni ya Pullman iliacha kuhudumia mabehewa ya kulala mwishoni mwa 1968. Mei 1971 shirika la Amtrak likachukua sehemu kubwa ya safari za abiria zilizokuwa zimebaki. Kwa mtu kama mimi, kilichobaki cha kushika mkononi kilikuwa karatasi.

Asiyeyajua matangazo haya anaweza kudhani nazungumzia vijitangazo vya pembeni. Sivyo. Yalichukua ukurasa mzima wa Life, wa Saturday Evening Post, wa National Geographic au wa Holiday, na kampuni za reli zilikodi wachoraji wa kweli. Leslie Ragan aliichorea New York Central treni ya kijivu inayong'aa, mto Hudson pembeni yake na mawingu makubwa juu, na ukiitazama kwa muda unahisi upepo. Chesapeake and Ohio ilimtumia paka. Mwaka 1933 ilitoa katika jarida la Fortune mchoro wa Guido Grünewald, mtoto wa paka amelala kitandani ndani ya treni, kajifunika, mguu mmoja wa mbele umetokeza nje ya shuka, pamoja na ahadi kwamba abiria wao watalala kama yeye. Watu walimpenda hata akawekwa kwenye kalenda za kampuni na kupewa jina la Chessie. Mwaka 1942, Marekani ikiwa vitani, reli ya New Haven ilichapisha tangazo lililoandikwa na Nelson Metcalf: kijana askari amelala macho wazi kwenye kitanda cha juu, safari yake ni ya kwenda kupigana ng'ambo, na maneno yaliyo chini yanamwomba abiria wa kawaida avumilie kusimama njia nzima au kukosa nafasi kwenye behewa la chakula, kwa sababu nafasi hiyo amepewa huyu. Nimelisoma mara nyingi mno, na kila nikifika mwisho nakaa kimya kidogo.

Kisha kulikuwa na reli ya Santa Fe. Treni yake ya Super Chief ilianza mwaka 1936, Chicago hadi Los Angeles kwa saa 39 na dakika 45, mabehewa yote ya kulala, na wacheza sinema wa Hollywood walikuwa miongoni mwa abiria wake. Uso mwekundu wa kichwa chake cha dizeli, uliokaa juu ya mwili wa rangi ya fedha, ulibuniwa na Leland Knickerbocker wa General Motors mwaka 1937, na ndio uliokuwa ukinivuta kuliko wote. Kwenye matangazo hayo palikuwapo pia, mara kwa mara, mtu mmoja ambaye nilikuwa sijamtazama vizuri: mhudumu mweusi mwenye koti jeupe, kabeba mkoba wa abiria, anatabasamu.

Wakusanyaji hatukubaliani kuhusu kisu. Wapo wanaosema jarida libaki zima, na wapo wanaotenganisha kurasa na kuziuza moja moja, kila moja ndani ya bahasha ya plastiki yenye kadi ngumu nyuma, kwa dola chache. Kila upande una hoja. Ukurasa uliokatwa ndio unaofika kwa watu. Jarida zima hubaki kwenye boksi. Tena hata maktaba zimekata: National Geographic iliweka matangazo yake mwanzoni na mwishoni mwa kila toleo, na mafundi wa kujalidi walipokuwa wakiunganisha matoleo ya mwaka kuwa kitabu, mara nyingi waliyang'oa matangazo na kuyatupa, kwa hiyo leo unaweza kufungua juzuu nzuri ya maktaba ukakuta miaka mizima haina tangazo hata moja la treni. Nilikuwa napenda kuwatajia watu mfano huo ili nijitetee. Maktaba zilitupa matangazo zikabakiza jarida, mimi natupa jarida nabakiza matangazo, kwa hiyo tunafidiana. Nilidhani hiyo ni hoja.

Na hata kwa kipimo cha wanaokata nilikuwa mkataji mbaya. Mkusanyaji makini huandika jina la jarida, tarehe na ukurasa kabla hajagusa kisu, kwa kuwa tangazo lisilo na tarehe limepoteza nusu ya maana yake. Hujui lilitoka kabla ya vita au baada, hujui treni ile ilikuwa mpya au ilikuwa inakufa. Mimi niliamini kichwa changu. Jarida la Life lilishonwa kwa pini katikati, kila karatasi ikabeba kurasa za mwanzo upande mmoja na za mwisho upande wa pili, hivyo ukikata ukurasa mmoja mwenzake wa upande wa pili unalegea na kuanguka. Sakafu yangu ilijaa kurasa za aina hiyo, nikazifagia.

Yule mjane alikuwa jirani yangu upande wa kusini wa Chicago. Nilimwita Bibi, akalipenda jina hilo. Wakati wa baridi nilimwondolea theluji mlangoni, naye alinipikia, akanisimulia habari za mume wake, aliyekuwa mhudumu wa mabehewa ya kulala ya Pullman kwenye njia ya Los Angeles kwa miaka mingi. Siku aliyoona picha za treni ukutani kwangu alicheka kwa furaha, akasema anajua mahali ambapo vitu hivi vimejaa. Alikuwa na maboksi ya majarida chini ya nyumba. Marehemu hakuyanunua. Abiria akimaliza kusoma aliyaacha kitini, na mhudumu aliyekuwa akisafisha behewa mwisho wa safari aliyaokota akaenda nayo nyumbani. Bibi aliniambia niyachukue, kwa sababu angalau kwangu yangependwa.

Nilipoyafungua niliona penseli. Maandishi madogo, yaliyoinama upande wa kulia, pembezoni mwa kurasa. Makala hakuyagusa, wala matangazo ya sabuni na magari. Aliandika kwenye matangazo ya treni tu. Niseme ukweli jinsi nilivyoyaona wakati ule: niliyaona ni uchafu. Katika biashara hii ukurasa ulioandikwa hushuka thamani, na macho yangu yalikuwa yameshazoea kutafuta madoa, mikunjo na maandishi kama mnunuzi anavyotafuta kasoro kwenye nguo ya mtumba.

Nikaanza kazi. Ukurasa wa Life ni mkubwa, zaidi ya inchi 10 kwa 13, na fremu nilizoweza kununua kwa wingi zilikuwa ndogo kuliko hapo. Nililaza rula ya chuma kandokando ya picha, nikapitisha kisu mara moja bila kusita, na ukingo mweupe ukatoka utepe mrefu wenye maandishi yake. Nikautupa kwenye pipa. Palipokuwa na penseli iliyoingia ndani ya picha nilitumia raba nyeupe laini, taratibu, kwa mzunguko mdogo, nikiogopa kuchubua wino. Wino haukuchubuka. Nilijiona fundi.

Kuna ukurasa mmoja nauona mpaka leo. Ni tangazo la Super Chief. Mwanamke mwenye koti la manyoya anapanda treni, na kando yake mhudumu, koti jeupe, mkoba mkononi. Pembeni marehemu alikuwa ameandika jina, na kutoka kwenye jina hilo akachora mshale mwembamba, ukavuka ukingo, ukaingia kwenye picha hadi begani mwa mhudumu. Mshale nikaufuta. Jina likaenda na ukingo. Sikumbuki lilikuwa jina gani. Nimejaribu kulikumbuka kwa kila njia, nikakaa na karatasi mbele yangu nikingoja herufi ya kwanza inijie, haikuja, kwa sababu siku ile sikulisoma. Niliona tu kwamba ni jina.

Wakati huo sikujua jambo ambalo kila mtoto wa mhudumu wa Pullman analijua. George Pullman alianzisha kampuni yake mwaka 1867, miaka michache baada ya utumwa kukomeshwa, na kazi ya kuwahudumia abiria akawapa watu waliokuwa watumwa, kisha watoto wao. Abiria wengi waliwaita wahudumu wote kwa jina moja, George, jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Mtu mwenye miaka hamsini, mzee wa kanisa, baba wa watoto, akaitwa George na kijana wa miaka ishirini tangu Chicago mpaka pwani ya Pasifiki, na akatakiwa aitike kwa tabasamu, kwa sababu sehemu kubwa ya riziki yake ilitoka kwenye bakshishi. Mtu huyo ndiye aliyechukua penseli akampa mhudumu wa kwenye picha jina lake. Nami nikalikata.

Mengine niliyasoma kwa kupitia tu, na ni haya machache ninayoyakumbuka. Kwenye tangazo lililosifu kulala usingizi mzito ndani ya treni, aliandika saa alizolala yeye: tatu. Kwenye jingine palikuwa na hesabu ya jozi za viatu. Nilidhani ni mchezo wa mtu mwenye muda wa kupoteza. Baadaye ndipo nilipojua kwamba mhudumu wa Pullman, abiria wakishalala, alikusanya viatu vyao na kuving'arisha usiku, vikawa tayari asubuhi, na usingizi wake mwenyewe aliuiba kwenye kochi la chumba cha kuvutia sigara, sikio likisubiri kengele. Miaka ya ishirini alitakiwa kutimiza karibu saa 400 za kazi kwa mwezi. Ndiyo sababu mwaka 1925 walianzisha chama chao chini ya A. Philip Randolph, na wakapambana miaka 12, watu wakifukuzwa kazi kwa kukutwa na kadi ya chama, mpaka Agosti 1937 kampuni ilipotia saini mkataba. Saa zikashuka hadi 240 kwa mwezi, na mishahara ikapanda. Mtu wa kizazi hicho ana sababu ya kuandika saa zake. Alikuwa akiandika hesabu ya kazi yake juu ya picha ile ile iliyotangaza starehe iliyotokana na kazi hiyo, na sijui kama kuna hati nyingine popote iliyoweka vitu hivyo viwili kwenye karatasi moja.

Kumbukumbu za kampuni ya Pullman zimehifadhiwa vizuri hapa Chicago, katika maktaba ya Newberry. Ni nyingi mno na ni hazina. Lakini hizo ni za kampuni. Humo mhudumu yupo jinsi mwajiri alivyomwona. Na katika mtaa wa Chicago unaoitwa Pullman kuna makumbusho ya wahudumu, yenye jina la Randolph, yaliyofunguliwa mwaka 1995, mwendo mfupi tu kutoka nilipokuwa naishi. Yalikuwa yamekwisha kufunguliwa siku niliyopewa maboksi yale. Ningeweza kwenda kuuliza.

Bibi alifariki bila kunidai chochote. Wiki kadhaa baada ya mazishi binti yake alikuja kwangu. Alikuwa mwanamke mtaratibu, mwalimu aliyestaafu. Nilimkaribisha akaketi. Akaniambia kwamba utotoni alikuwa akimwona baba yake akirudi safari, anakula, kisha anakaa mezani na penseli na jarida, na hakuna aliyeruhusiwa kumsemesha. Hawakuwahi kumwuliza anaandika nini. Sasa, mama akiwa ameondoka, alitaka kuyasoma. Je, majarida yale ninayo bado?

Nikamwambia maji yaliingia chumba cha chini, majarida yakalowa yakaota ukungu, nikalazimika kuyatupa.

Alipokuwa akinisikiliza alikuwa ameketi chini ya mojawapo ya picha zile, imewekwa kwenye fremu, kingo zimekatwa sawasawa. Aligeuka akaitazama. Akaisifu. Kisha akanishukuru kwa kuwa rafiki wa mama yake, akasema maji hayana adabu, si kosa langu, akaondoka. Wahenga walisema asante ya punda ni mateke. Yule mama alinipa kilichokuwa cha mume wake, nami nikampiga mtoto wake teke la uongo, akanishukuru tena.

Nimejiuliza kwa nini sikusema kweli siku ile. Haya ilikuwapo, ndiyo. Lakini kulikuwa na kitu kibaya zaidi ya haya: nilikuwa bado nimo kwenye hesabu. Majarida machache nilikuwa sijayakata, na sehemu ya moyo wangu haikutaka kuyarudisha.

Miaka ikapita, nikaendelea kukusanya. Picha nyingine niliziuza kwenye maonyesho ya reli, nyingine nikawapa wasafiri wawaletee ninyi nyumbani, arusi hii na ile, nyumba mpya hii na ile. Mlinishukuru. Kila shukrani niliipokea.

Kisha nikaalikwa kwenye mkusanyiko wa familia za wahudumu, katika ukumbi wa kanisa. Kila familia ilileta kitu na kukieleza: kofia, beji, brashi ya viatu, picha ya baba amesimama mlangoni mwa behewa. Ilipofika zamu yake, yule binti alisimama mikono mitupu. Akasema baba yao aliandika, aliandika maisha yake yote ya kazi pembezoni mwa majarida, na maandishi yale yamepotea kwa mafuriko. Akawaomba radhi waliokuwa ukumbini. Akamwomba radhi baba yake. Uongo wangu ulitoka kinywani mwake mbele ya watu wale, na yeye ndiye aliyeubeba kama kosa lake.

Nilimngoja nje. Nikamwambia hakukuwa na maji. Nikamweleza kisu, rula, raba, pipa, maonyesho, zawadi. Nilizungumza muda mrefu kwa sababu niliogopa kunyamaza. Hakupaza sauti. Aliuliza swali moja tu: zipi zimebaki? Na nilipoanza kuomba msamaha aliinua mkono, akasema hilo liache kwanza.

Usiku ule ule nilishusha kila kitu ukutani, nikapeleka kwake pamoja na majarida yaliyokuwa bado mazima. Haya mazima ndiyo machache aliyonayo leo yenye maandishi kamili ya baba yake, na ameyasoma. Aliyoyakuta humo ni yake, si yangu kuyaandika hapa. Karatasi zilizokatwa tumezitazama pamoja mezani kwake, kwa namna aliyofundishwa na mtu wa makumbusho: unazima taa, unaweka tochi chini kabisa kandokando ya karatasi, mwanga unapita umelala. Raba huondoa rangi ya penseli lakini haiondoi mfereji uliochimbwa na ncha yake. Herufi zikaanza kujitokeza kama vivuli. Tukapata tarehe mbili, majina ya stesheni, Albuquerque, Needles, na sehemu ya sentensi. Kwenye ukurasa wa mhudumu mwenye koti jeupe mshale wote unaonekana, tangu begani mpaka kwenye ukingo nilioukata, na hapo unakoma.

Kuhusu msamaha hajasema neno, nami sijamsukuma. Kazi aliyonipa ni ya kutafuta. Nimewarudia wauzaji na wanunuzi niliowakumbuka, baadhi wamerudisha, mmoja alidai fedha nikalipa. Waliobaki wengi ni ninyi, na kwa kuwa sikuweka daftari la nani alipelekewa nini, sina njia nyingine isipokuwa kuandika kwa lugha yetu na kuomba habari hii imfikie kila mwenye picha.

Basi fanyeni hivi. Ikiwa una tangazo la treni lililotoka kwangu, litoe ukutani na ufungue nyuma ya fremu taratibu; niliziba kwa utepe wa karatasi ya kahawia, utachanika bila shida. Geuza ukurasa. Upande wa nyuma sikuufuta popote, kwa kuwa haukuonekana, na marehemu wakati mwingine aliendeleza maneno huko. Wino wa picha unaweza kuwa umepauka kwa jua la sebuleni, ila penseli haipauki kwa mwanga, kwa hiyo kama ipo, ipo. Kisha zima taa, tumia tochi kama nilivyoeleza, tazama mabega ya watu, saa, na nafasi tupu ya anga. Usipitishe raba, usijaribu kukoleza maandishi kwa penseli nyingine, wala usiipeleke kubandikwa plastiki. Piga picha pande zote mbili, umpe aliyekuletea zawadi, atajua jinsi ya kunipata. Ukikubali kuirudisha yenyewe, nitakuletea nyingine kutoka kwenye majarida yasiyo na mkono wa mtu.

Na kuna moja ninayoitafuta kuliko zote. Tangazo la mhudumu na mwanamke wa koti la manyoya lilitoka katika zaidi ya jarida moja, na marehemu alikuwa nalo mara mbili. Nakala ya pili nayo ilikuwa na mshale. Hiyo ilikwenda kwenye arusi, ama Dar es Salaam ama Mombasa, ndani ya fremu kubwa ya mbao nyeusi iliyotosha ukurasa bila kuukata. Kingo niliziacha nzima nikazifunika tu kwa karatasi ngumu ya krimu inayozunguka picha. Ikiwa fremu hiyo iko kwako, inua karatasi ya krimu upande wa kulia, uniambie limeandikwa jina gani.